Difu ya Mista Walter na Kijiko cha Pili

Kabla hujaifungua difu ya gari la mtu, keti kwanza na mwenye gari, uandike. Usiandike umesimama. Fundi aliyesimama huandika bei ya kumfurahisha mteja, kwa sababu miguu inamuuma na anataka mazungumzo yaishe. Nimeyaona hayo hapa Morogoro, nikayaona Marekani, na nyinyi vijana wa gereji ya mpwa wangu nawaona mkiyafanya kila siku, halafu jioni mnashika tama mnajiuliza faida imekwenda wapi.

Mnaniuliza sana habari za Marekani. Mnataka majengo na mishahara. Mimi kule nilikaa chini ya magari. Nikiulizwa Washington ikoje, kinachonijia kwanza ni sakafu ya zege ya gereji ya Njoroge, kule Hyattsville upande wa Maryland, ilivyokuwa baridi mwezi wa kwanza hata ukilalia maboksi matatu. Ikulu yao niliiona mara moja, nikiwa ndani ya basi, tena nilikuwa nimekaa upande wa pili na mbele yangu kuna mama mwenye kofia.

Basi acheni niwaeleze kazi moja tu, kwa sababu ndani yake mna kila kitu ninachotaka kuwaambia.

Difu mnaijua: lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Ndani mna gia kubwa ya duara, kraunwili, na gia ndogo inayoisukuma, pinioni. Hizo mbili zikishikana vizuri, husikii kitu. Zikikaa vibaya kwa unene wa karatasi, gari linalia njia nzima kama mbu aliyeingia kwenye chandarua. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kondo, kwenye gereji ya malori hapahapa mjini. Yeye alikuwa akiweka kipande cha mti sikioni, ncha nyingine kwenye ekseli, anafumba macho, kisha anakwambia beringi ipi imekufa. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza nilisikia redio ya jirani.

Na msidhani tulizaliwa tunajua. Siku moja mimi na mwenzangu tulipachika kraunwili ya lori upande usio wake. Lori likafungwa vizuri, bolti zote zimekaza, tukajipongeza. Dereva akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, likarudi nyuma, moja kwa moja hadi kwenye banda la mama ntilie, likasimama juu ya sufuria la maharage. Tulikuwa tumetengeneza lori lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Mzee Kondo hakutugombeza. Alitulipisha maharage tu, halafu akacheka hadi akakaa chini.

Nilipofika Maryland miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Njoroge alinichukua kwa sababu ya difu. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, mfanyabiashara hasa, mikono yake haikupenda grisi. Alikuwa amegundua kwamba wazee wa kule wana magari ya zamani, ya milango miwili na injini kubwa ya silinda nane, wenyewe huyaita magari ya misuli, na vijana wao hawataki tena kuchafuka na mambo ya pinioni na shimu, zile pete nyembamba za kusawazishia gia. Kila ekseli ya nyuma iliyoingia pale ilikuwa yangu.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi, maana wanaorudi huwa hawalisemi. Nilipanga chumba cha chini ya nyumba ya watu, dirisha lake liko usawa wa nyasi, nikiamka naona viatu vya wapita njia. Mama watoto na wanangu wawili walikuwa hapa Morogoro wakisubiri karatasi ambazo hazikutoka. Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu, naongea, na katikati ya maneno yule mwanamke wa kwenye mashine ananiambia imebaki dakika moja. Wiki nzima pale gereji, saa ya chakula, kila mtu aliingia ndani ya gari lake, akafunga mlango, akala peke yake akitazama usukani. Mimi nilikula juu ya tairi.

Mista Walter aliingia Jumamosi moja na gari lake la bluu lililokuwa likilia tangu kona ya barabara. Alikuwa mzee mweusi, mrefu, mstaafu wa serikali, amevaa shati lililopigwa pasi. Gari alilinunua jipya alipokuwa kijana anaishi Shaw, mjini kabisa, siku ambazo nyumba za kule zilikuwa za watu wa kawaida. Baadaye akaoa, wakahamia Bowie, nje ya mji, kwenye nyumba yenye bustani. Mkewe alikuwa amefariki. Hayo yote aliniambia kabla sijainua boneti, na difu haiko huko.

Nikalipeleka gari mwendo mfupi, yeye kando yangu. Lilikuwa linalia zaidi nikiachia mafuta, na nikigeuza kutoka gia ya nyuma kwenda ya mbele, linapiga kishindo. Nikamwambia beringi za pinioni zimekwisha, mengine nitayajua nikifungua. Akasema atasubiri niandike hesabu. Ilikuwa saa ya chakula.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilifungua bakuli langu, wali na maharage na kipande cha samaki, na yule mzee amekaa hatua mbili mbele yangu. Mngefanya nini? Nilisema, kama mtu yeyote aliyelelewa angesema, "Karibu, Mista Walter. Tule." Nikangoja ajibu kama watu: asante, endelea tu, nimetoka kula sasa hivi. Neno karibu nimelitamka maelfu ya mara maishani, na hakuna aliyewahi kunilia chakula.

Mista Walter akasema, "Ahsante sana, ndugu yangu." Akavuta tairi, akakaa, akachukua kijiko.

Kijiko kilikuwa kimoja. Nikanawa mikono tena, nikaanza kula kwa vidole upande wangu, haraka, maana mzee alikuwa haoni haya. Samaki alimgawa yeye, akanipa kipande kidogo. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa leso, akaniuliza haya maharage yamewekwa nini. Nikamwambia nazi ya kopo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari kubwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja saa sita kasoro, na kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu, ameweka kijiko chake.

Kuanzia hapo Ijumaa nikawa napika kwa watu wawili. Hamjui maana ya jambo hilo mpaka mkae mwaka mzima mnapika nusu kikombe cha mchele.

Jumamosi hiyo aliyokuja na kijiko chake ndipo tulipokaa na kuandika, maana ile ya kwanza tuliishia kula tu. Na yeye akaniambia sababu. Binti yake alikuwa anaishi Atlanta, kusini, safari ya kutwa nzima, na alikuwa anamtaka babake akahamie kwake. Kulikuwa na mjukuu ambaye Mista Walter alikuwa hajamwona. Lakini alikuwa amemwambia binti: nitakuja kwa gari langu, sitapanda ndege wala sitaliuza. Nina dola mia tisa. Ekseli ikitengenezeka kwa hizo, nakuja. Zisipotosha, nabaki Bowie, na tusilizungumze tena.

"Binti amekubali?" nikamuuliza.

"Amekubali. Alikuwa analia, lakini amekubali."

Kwa hiyo nilikuwa naandika bei ya kuondoka kwa mtu pekee niliyekula naye. Nililijua hilo kalamu ikiwa mkononi.

Andikeni hivi, vijana. Kwanza vinavyokufa kwa hakika: beringi zote, si ile inayolia tu, kwa sababu vumbi la chuma la moja limeshazila nyingine. Sili zote. Gasketi. Oili, na ile dawa ya oili kama difu ni ya kushika magurudumu yote mawili. Halafu ile bushi nyembamba inayopondeka ukikaza nati ya pinioni: nunua mbili. Ukiipitisha kidogo tu, haina kurudi, na duka la vipuri limefungwa. Hivyo vyote, ukiacha oili, vikanipa mia mbili na hamsini. Hamsini za karakana yenye mashine ya kubania beringi. Kazi ya mikono mia nne, hiyo ni ya Njoroge na haipungui. Oili na dawa yake thelathini. Jumla mia saba na thelathini. Mia na sabini zilizobaki nikaziandikia mstari wake: kisichoonekana. Fundi asiyeuandika mstari huo anamdanganya mteja, hata kama hesabu zake nyingine ni safi.

Mista Walter akausoma ule mstari mara mbili. "Na kisichoonekana kikizidi hapo?"

"Basi unabaki Bowie," nikasema.

Akakunja karatasi akaitia mfukoni, nyuma ya kijiko.

Sikuifungua difu mara moja. Njoroge alikuwa na kazi nyingine za haraka, nami sikumsukuma. Jumamosi zikapita. Mista Walter akaja, akala, akasimulia, akaondoka. Aliwahi kunipeleka kwake Bowie. Nyumba nzuri, majani yamekatwa sawasawa, mtaa kimya hadi masikio yanawasha. Aliacha televisheni mbili zinaongea, moja sebuleni na moja jikoni, kila moja na habari zake. Aliona nazitazama, akasema huziwasha anapoamka. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu kwangu mimi ilikuwa redio.

Siku nilipotoa kifuniko cha difu, oili ilimwagika nyeusi, na ndani yake punje za chuma zinazometameta. Nikaizungusha kraunwili taratibu kwa mkono. Meno matatu yalikuwa yamemeguka. Beringi zimeliwa, hilo nililitegemea, lakini meno yakimeguka hakuna kutia viraka. Na kraunwili hainunuliwi peke yake, lazima uichukue na pinioni yake, maana zimesagwa pamoja kiwandani na haziivani na nyingine.

Njoroge akaja, akainama na suti yake, akachungulia bila kugusa.

"Aki Rajabu, hii imeenda. Seti mpya ni three hundred. Ime-pass budget ya mzee by far."

"Imezidi," nikasema.

"Si basi. Mwambie tu ukweli. Mzee abaki Bowie, na wewe ubaki na mtu wako wa lunch. Kwani umeua mtu? Hiyo gear hukuivunja."

Alisema kweli tupu, na moyo wangu ulifurahi. Nakwambieni ulifurahi. Sikuhitaji kudanganya wala kufanya lolote. Nilitakiwa kufunga kifuniko tu, ninyooshe mgongo, nimpigie mzee simu, nimwambie hesabu imekataa. Ijumaa ningepika kama kawaida.

Lakini difu iliyo wazi juu ya meza inaniwasha. Ndivyo nilivyo, na kama nyinyi si hivyo, tafuteni kazi nyingine. Kila nikipita naona lile pengo la meno. Na nikawa namwona mtoto wa Atlanta ambaye sijawahi kumwona, hata picha. Mimi nilikuwa na wanangu wawili wanaomjua baba yao kwa sauti ya kadi ya simu. Sikuweza kuikalia ile habari.

Kulikuwa na mtu wa magari mabovu nje ya Fairfax, ng'ambo ya mto, Virginia. Nilikuwa nimesikia ana ekseli za zamani zimelala kwenye majani. Nikachukua siku yangu ya mapumziko, nikaendesha kwenye mvua, nikazunguka ile barabara yao kubwa inayouzunguka mji, malori pande zote yananirushia maji. Nililala kifudifudi kwenye matope nikifungua difu za magari yaliyokufa, moja baada ya nyingine. Ya kwanza kutu. Ya pili nayo kutu. Ya mwisho, kwenye gari lililogongwa mbele, nilipofungua oili ilitoka rangi ya asali. Meno mazima, yanang'aa. Hesabu ya meno ni ileile. Nikakaa kwenye matope nikaitazama, na sikuwa na furaha hata kidogo.

Yule mtu alitaka mia na hamsini. Nilimpa mia na ishirini, na nikamwachia jeki yangu ndogo. Mia na ishirini iliingia kwenye kisichoonekana, ikabaki hamsini.

Kazi yenyewe nataka muijue. Weka alama kwenye vikombe vya beringi kabla ya kuvitoa, kulia na kushoto, visibadilishane. Usitupe shimu za zamani, zipime, ndipo pa kuanzia. Beringi za zamani zisage tundu la ndani kidogo ziwe zinateleza, uzitumie za kujaribia, usije ukabania na kubandua mpya mpaka ukaziharibu. Paka rangi ya njano kwenye meno, zungusha, soma alama. Ikikaa kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ikikaa kwenye shina, iko ndani mno. Unataka ikae katikati. Nilibadilisha shimu mara nyingi hadi Njoroge akaniuliza kama nachonga kinyago. Ile bushi niliipitisha ya kwanza, kama nilivyowaambia. Nilikuwa na ya pili.

Jumamosi ile Mista Walter alikuta gari limeshuka chini. Tulitoka nalo. Nikaongeza mwendo, nikaachia mafuta, nikaongeza tena. Kimya. Ungeweza kusikia saa yake ya mkononi. Miaka yote ya kazi, sidhani niliwahi kuifunga difu vizuri kuliko ile.

Tukarudi, tukala. Siku hiyo nilikuwa nimepika pilau. Alikula polepole. Kisha akanitazama, akaniuliza, "Rajabu, una hakika hakuna kingine kibovu?"

"Hakuna."

"Springi? Breki?"

"Nimekagua vyote. Linafika Atlanta na kurudi."

"Na pesa?"

"Imebaki hamsini. Hizi hapa."

Akazichukua, akazishika bila kuzitia mfukoni. "Basi hakuna kingine," akasema.

Hapo nilimwelewa. Yule mzee alikuwa amezitegemea zile dola mia tisa zisitoshe. Alikuja na hesabu ndogo makusudi, akaiweka mbele ya binti yake, akijua gari la zamani hula pesa. Mimi, kwa ufundi wangu wote na matope yangu ya Fairfax, ndiye niliyemwondolea udhuru.

Sasa kwetu mgeni akisema naondoka, unasemaje? Unasema mbona mapema, kaa kidogo, mvua itapungua. Hata kama umemchoka unasema. Ni adabu tu, na mgeni anajua ni adabu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa na kile kijiko kwamba mtu huyu akiambiwa neno analichukua jinsi lilivyo. Ningemwambia kaa, angekaa. Kwa hiyo nililibana neno lile mdomoni, mara moja maishani nilipokuwa nalimaanisha. Kulikuwa na mtoto Atlanta. Nikamwambia, "Safari njema, Mista Walter. Msalimie binti."

Akanikumbatia, na shati lake lililopigwa pasi likapata grisi begani. Akaingia ndani ya gari. Nilisimama mlangoni kusikiliza likiondoka, na hapakuwa na cha kusikiliza, injini tu, halafu hata hiyo ikaisha. Kijiko kilikuwa kimebaki juu ya tairi.

Alipiga simu gereji kesho yake.

"Rajabu, nimefika. Halikulia hata mara moja."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Kijiko changu kipo?"

"Kipo."

"Usimpe mtu."

Alipiga Jumamosi nyingine kadhaa, saa ileile, akiuliza leo nimepika nini. Nilimtajia wali wa nazi, maharage, samaki, mchicha. Kwa kweli nilikuwa nakula mkate wa dukani. Nyuma yake nilikuwa nasikia mtoto anapiga kelele, na hakuna televisheni. Baadaye simu zikapungua, kama inavyokuwa, nami sikumpigia. Niliona mtu mwenye mjukuu ana kazi.

Nilipokuja kurudi Morogoro, mama watoto alikuwa amechoka kunisubiri, akaolewa Dodoma. Simlaumu. Wanangu wako Dar, wananiita baba kwa heshima, kama mtu anayeongea na mkuu wa shule. Mpwa wangu amenipa kiti hapa gereji, nakaa, nawatazama mkikosea shimu.

Na saa saba nafungua bakuli langu. Mnapita mbele yangu nyote, nasema karibuni, na nyinyi mna adabu, mmelelewa vizuri: "Asante mzee, tumetoka kula sasa hivi." Halafu mnakwenda. Najua hamjala. Nawaona mkinunua mihogo pale nje.

Basi haya ndiyo niliyotaka kuwaambia, mengine ya difu mtajifunza mkiharibu. Kesho nikisema karibu, mmoja wenu avute tairi akae. Kijiko cha pili kipo.